Hesabu Nusu Hupotosha



Hapa Bariadi, kila mara Baraza la Mitihani litoapo matokeo, watu huyasoma katika simu zao, kisha hunena: “Tazama, shule ya kulipa ada imefaulisha wote, walimu wa Serikali wamelala.” Mimi ni mwalimu wa Serikali. Hesabu siikatai, naikataa hesabu nusu.

Maana shule nyingi za ada huwapima watoto kwa mtihani kabla ya kuwapokea. Sisi tunampokea hata yule aliyeshinda akichunga ng’ombe au kuchuma pamba. Tena matokeo yawataja waliofika mwisho. Aliyeondolewa njiani kwa kukosa wastani hayumo.

Wala sisi wa Serikali tusijione watakatifu. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa daraja wilaya kwa wilaya. Wataalamu waliouchunguza mpango huo, na kuchapa habari zake mwaka 2021, waliona kwamba shule za mkiani ziliongeza ufaulu, lakini pia zilipunguza watoto wa kukaa mtihani. Nani aliwauliza watoto wale?

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, kwani mazingira ya shule hayalingani. Vema, lakini matokeo ya kila shule yangali yanatolewa, na watu huzipanga wenyewe. Basi kando yake ziandikwe alama walizokuja nazo watoto kutoka darasa la saba, na idadi ya walioanza kidato cha kwanza. Hapo njoni mtuhukumu.