Damu Ikishaingia Mwilini, Nani Anaifuatilia?

Mtoto aliyepungukiwa damu hasubiri. Chupa inatundikwa, matone yanashuka, na baada ya saa chache viganja vilivyokuwa vyeupe vinaanza kurudi rangi. Familia inashusha pumzi. Siku tatu baadaye wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na habari za ile chupa zinaishia hapo.

Hazipaswi kuishia hapo.

Shirika la Afya Duniani linataka kila chupa ya damu ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria imeachiwa kila nchi iamue kulingana na hali yake. Lakini vimelea vyake huweza kuishi kwenye damu iliyo jokofuni kwa zaidi ya wiki mbili, na vikiingia kwa njia ya mshipa havipitii kwanza kwenye ini kama vile vya mbu. Vinaanza kushambulia chembe nyekundu papo hapo.

Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Kumasi, Ghana. Wagonjwa 37 ambao hawakuwa na vimelea waliongezewa damu yenye vimelea, 8 wakaambukizwa. Damu ilipotibiwa kwanza kwa vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, aliambukizwa 1 kati ya 28.

Wapo watakaosema wachangiaji wenye vimelea wakataliwe. Kwa maeneo yenye malaria nyingi hilo ni kosa: mtu mzima hubeba vimelea bila hata kuumwa kichwa, na kuwafukuza wote ni kumnyima damu mama anayevuja baada ya kujifungua. Kipimo cha haraka nacho hakioni vimelea vichache, ilhali kimelea kimoja tu katika kila mikrolita ni vimelea 450,000 katika chupa ya mililita 450.

Kinachowezekana leo ni ufuatiliaji. Muuguzi apime joto na mapigo kabla ya damu kuanza, dakika 15 baadaye, na inapomalizika. Namba ya chupa iandikwe kwenye faili, na pia kwenye karatasi anayoondoka nayo mgonjwa. Wizara za afya zifanye hivyo kuwa lazima, si hiari ya zamu.

Nawe mzazi, mwanao akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kuongezewa damu, mrudishe hospitali haraka, na neno la kwanza kwa daktari liwe hilo: huyu aliongezewa damu.