Taa tatu za kijani, na bado mfumo umevunjika

Leo nimekuja kugomba.

Uunganishaji endelevu maana yake ni rahisi: kila unapopeleka msimbo, seva inauchanganya na wa wenzako, inaujenga na kuupima papo hapo. Lakini timu nyingi zenye mradi wa lugha tatu hupima kila lugha kivyake, taa tatu zikiwaka kijani wanapigana pambaja. Jamani, hapo mmeunganisha nini?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mradi ulikuwa wa malipo: seva kwa Python, ukurasa wa wateja kwa JavaScript, programu ya simu kwa Kotlin. Nikaweka ujanja: ukigusa Python, majaribio ya Python tu ndiyo yaendeshwe. Tuliokoa muda, nikasifiwa. Siku moja mwenzangu akabadilisha kiasi cha pesa kutoka shilingi kuwa senti, akarekebisha majaribio yake, taa ikawaka kijani. Yale ya JavaScript hayakuendeshwa. Na hata yangeendeshwa yangepita, maana yalisoma jibu la bandia nililoliandika kwa mkono miezi mingi nyuma. Asubuhi yake mama mmoja muuza mboga akakuta deni lake la shilingi 450 limekuwa 45,000. Akahama. Ungemwambia nini, kwamba majaribio yote yalipita?

Kosa hili si geni. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazisoma kama vya metriki. Nguo huchanikia kwenye mshono.

Najua mtakachosema: kupima kwa pamoja kunachelewesha. Si lazima. Majaribio ya kila lugha yaende sambamba kwanza. Yakipita, washa seva ya kweli, hifadhidata na ukurasa ndani ya Docker, upime njia chache tu: kuingia, kulipa, kupata risiti. Hizi ziendeshwe kila mara, hata ukibadilisha mstari mmoja.

Mwingine atasema anatumia OpenAPI au Protocol Buffers, kwa hiyo yuko salama. Vizuri, endelea kuzitumia. Lakini senti ni namba nzima na shilingi ni namba nzima. Umbo la data halitakuambia kilichobadilika ni maana.

Dakika 10 za kungoja ni bei rahisi kuliko mteja mmoja. Kama lugha zako hazijawahi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kabla ya kumfikia mteja, taa hizo za kijani ni mapambo tu.

Hayo ndiyo yangu ya leo.