Helmeti ya kuning'inia haiokoi abiria

Pita steji yoyote ya bodaboda asubuhi. Mwendeshaji kavaa helmeti lakini ukanda haujafungwa. Ya abiria inaning'inia kwenye usukani, au haipo kabisa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inawataka wote wawili wavae. Siku hizi huvaliwa polisi wakionekana, ikavuliwa kona inayofuata.

Abiria nao wana kisingizio chenye ukweli ndani yake. Nani atafurahia kofia iliyolowa jasho la wateja wa tangu alfajiri, tena juu ya nywele zilizosukwa jana? Kitambaa chepesi cha kufunga kichwani kwanza kingemaliza ubishi huo kwa shilingi chache, na steji zingeweza kuviuza zenyewe.

Kuhusu kinga, hakuna la kubishania. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kazi hiyo hufanywa na povu gumu la ndani, linalobonyea ili fuvu lisipasuke. Gamba tupu la plastiki ni pambo tu.

Vietnam ilipoanza kulazimisha helmeti kwa waendesha pikipiki wote Desemba 2007, karibu kila mtu alivaa mara moja, kwa kuwa polisi hawakulegeza kamba. Polisi wetu wa trafiki wafanye vivyo hivyo kila siku, si wakati wa misako pekee, na Shirika la Viwango (KEBS) liondoe magamba hayo sokoni.