Mwalimu Mwenyeji Asiyeulizwa

Mara kwa mara hufika katika shule zetu vijana kutoka vyuo vikuu, kuja kujizoeza kufundisha. Twawapokea kwa furaha, na watoto hupenda sura mpya. Hatulalamikii kuja kwao. Twalalamikia kwamba chuo hututumia sisi waalimu wa shule kama wenye nyumba ya kupangisha tu.

Katika shule moja ya sekondari tuliletewa kijana mwenye elimu nyingi ya hesabu. Juma la kwanza aliujaza ubao, akaufuta, akaujaza tena, wala hakugeuka kuwatazama watoto. Tukaketi naye jioni nyingi, tukimwonyesha namna ya kuuliza swali na kungoja jibu, na namna ya kumtambua mtoto anyamazaye kwa kutoelewa na yule anyamazaye kwa njaa. Akaanza kubadilika. Ndipo akaja mwalimu wake wa chuo, akakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, akasoma andalio la somo, akaandika alama, akaenda zake kabla ya chai. Sisi tuliokaa na kijana majuma yote hatukuulizwa hata neno moja. Alama ilikuwa nzuri, na labda ilikuwa ya haki. Lakini aliijuaje?

Wako wasemao, Mwalimu wa kijijini atampimaje msomi wa chuo kikuu? Hao wamesahau mambo ya nchi yetu Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vyuo vya ualimu havikutosha kwa watoto wote waliotakiwa kusoma. Vijana waliomaliza darasa la saba wakawekwa katika shule za msingi, wakifundisha saa kadhaa na kusoma saa nyingine, wakiongozwa na waalimu waliokuwako. Kasoro zilikuwako, tena kubwa, maana wengi walisukumwa darasani mapema mno. Hata hivyo hakuna aliyeona haya kumwita mwalimu wa shule mlezi wa waalimu.

Na huko Uingereza, mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Oxford kilipatana na shule za sekondari za jimbo lake: mwanachuo akae shule moja sehemu kubwa ya mwaka, akilelewa na mwalimu wa shule na mwalimu wa chuo wakishauriana. Mwaka 1992 serikali ikaagiza wasomao ualimu wa sekondari kwa mwaka mmoja wakae shuleni majuma 24 katika 36. Oxford haikupungukiwa na heshima kwa hayo.

Basi twataka mwalimu mwenyeji aitwe kushauriana kabla kijana hajatumwa, apunguziwe vipindi apate kumlea, tena awe na sauti katika alama. Nanyi wazazi mlio katika bodi za shule, kijana akija kufundisha watoto wenu, ulizeni ni nani atakayesema kama amefaa, na mtu huyo atakaa darasani siku ngapi.