Kruzi ya mzee haikuwa imeharibika

Wikendi nilikuwa nyumbani Wang'uru. Kwenye 4x4 ya mzee, kruzi kontroli, ule mfumo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta, ilikuwa imegoma. Fundi alishasema tununue kompyuta nyingine ya gari.

Mimi nilichomeka kifaa cha kusoma hitilafu kwenye soketi ya OBD chini ya usukani. Swichi ya breki ilisema breki imekanyagwa, na hakuna mguu uliokuwa hapo! Kumbe kijiraba cha kwenye pedeli kinachobonyeza swichi kilikuwa kimevunjika, na taa za breki zilikuwa zinawaka muda wote. Ndiyo maana hata betri ilikuwa ikiisha kila asubuhi.

Kwa hiyo kruzi ilifanya kazi yake: breki ikikanyagwa, lazima ijizime. Tulitia kijiraba kipya, ikarudi.

Maoni yangu ni haya: programu ikikataa, tafuta sababu kabla ya kuibadilisha. Barabara ya Makutano kwenda Embu ina matrekta, bodaboda na matatu. Taa ya breki isiyozimika haimwambii kitu aliye nyuma yako. Kabla ya kutoa pesa, mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aangalie.