Bodi za Shule Zisipange Ufundi Peke Yao

Novemba, 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi katika shule ya msingi. Azimio hilo la Musoma halikutekelezwa na Wizara peke yake. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba maji na mchanga, wakajenga madarasa.

Hivi sasa mkoa huo huo wa Mara, kama mikoa mingine, unakabiliwa na kazi nyingine kubwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Mwaka 2024 baadhi ya shule zilianza kufundisha mkondo wa amali. Ndiyo kusema, swali la kijana afundishwe kazi gani limekwisha kufika mezani kwa bodi ya shule. Ni swali zito, kwani karakana ikishajengwa na vifaa vikishanunuliwa, kosa la kuchagua fani isiyofaa halirekebishwi kwa kikao kimoja.

Yako mazoea ya siku nyingi ya kumwita mwananchi wakati wa kuchanga na kusomba mawe, na kumsahau wakati wa kupanga. Mazoea hayo hayafai katika elimu ya amali. Mzazi wa Kitaji, mjini Musoma, anaishi katika mji wa ziwa. Anajua ni fundi gani anayetafutwa injini ya mtumbwi inapozimika, na anajua hasara ya dagaa walioanikwa mvua inaponyesha. Mkulima wa Bunda anajua mahitaji ya pamba na ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mchimbaji mdogo wa Buhemba, wilayani Butiama, anajua shida ya pampu na ya karasha la kusagia mawe. Maarifa hayo hayamo katika jalada lolote la ofisi. Yamo vichwani mwa watu, nao hawana budi kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba mitaala hutungwa na wataalamu wa Taifa, na kwamba mwanakijiji hana la kuongeza. Ni kweli kwamba bodi haitungi mtaala. Lakini kati ya fani zilizomo katika mtaala, ipi ianze katika shule ipi, fundi gani wa mtaani awapokee wanafunzi kwa mazoezi, na kazi za karakana zinunuliwe na nani, hayo ni mambo ya mahali penyewe. Na kwa upande wa utaalamu, mkoa haukosi pa kuuliza: ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma, na kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, wilayani Bunda.

Liko pia funzo la historia. Machi, 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa "Elimu ya Kujitegemea", alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Lakini katika shule nyingi wazo hilo lilishuka likawa jembe na ndoo ya maji, na kulima shamba la shule kukageuzwa adhabu. Wazazi wakaona watoto wao wanapotezewa wakati. Hatari hiyo haijapita. Mzazi asiyeshirikishwa atauona mkondo wa amali kuwa ni jalala la walioshindwa masomo, naye atamtoa mtoto wake humo mapema awezavyo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati katika shule za msingi na bodi katika shule za sekondari. Vyombo hivyo si mapambo. Kabla bodi haijapendekeza fani yoyote, yafaa mikutano ya vijiji na mitaa iitishwe, na mafundi seremala, waashi, wavuvi, wakulima na akina mama wachuuzi wa dagaa wasikilizwe. Wasichana nao waulizwe wanataka kujifunza nini, wasidhaniwe kuwa wote ni wa cherehani na jikoni. Maamuzi na matumizi ya fedha yabandikwe ubaoni, yasomwe na kila mtu. Na kila mwaka bodi irudi kwa wananchi kueleza wahitimu wamekwenda wapi na wanafanya kazi gani.

Maofisa Elimu, Maofisa Maendeleo ya Jamii na walimu wakuu ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuyafanya hayo. Wananchi wa Mara walikwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuijenga shule kwa mikono yao. Waliojenga kuta hizo wana haki ya kusema ni nini kifundishwe ndani yake.