Acheni Watoto Wabishane

Wiki jana, katika kipindi cha asubuhi cha redio moja, mzee aliyetambulishwa kama mtaalamu wa elimu aliulizwa anawaonaje walimu wanaozuru shule za kambi ya Kakuma wakati wa likizo na kuwafundisha watoto wakimbizi kwa midahalo na maigizo. Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Hao watoto bado hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Wafundishwe lugha kwanza. Mdahalo ni wa watu wanaojua kuzungumza." Mtangazaji akaitikia, "Kweli kabisa," kisha tukawekewa tangazo la mbolea.

Kweli kabisa? Kauli hii nimeisikia katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi, hata mimbarini, na kila mara huitoa mtu ambaye yeye mwenyewe hakujifunza lugha kwa njia hiyo. Mwulizeni mtaalamu wetu alikijuaje Kiswahili. Kama ni mtu wa bara kama mimi, alikipata sokoni akiomba kupunguziwa bei, uwanjani akiapa kwamba ile ilikuwa penalti, na ndani ya matatu akidai chenji yake. Alivuruga ngeli, akachekwa, akapewa chenji. Hakuna kondakta aliyemwambia anyamaze mpaka aimalize ngeli ya KI-VI ndipo adai shilingi zake ishirini.

Mtu hujifunza lugha akiwa na jambo la kudai. Nitalirudia hili mpaka wasomaji wanichoke.

Sasa tazama Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992 huko Turkana, wakati wavulana wakimbizi wa Sudan walipofika kwa miguu kupitia Ethiopia. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, ni mji mkubwa kuliko miji mingi tunayoiita miji. Darasani wamo Wanuer, Wadinka, Wasomali, Warundi na Wakongo, wote wanafuata mtaala wa Kenya, na si ajabu kukuta watoto zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja, ambaye mara nyingi naye ni mkimbizi anayelipwa posho. Katika darasa la namna hiyo mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila kufungua kinywa na asijulikane. Akiwa na bahati mbaya zaidi, atasifiwa kwa nidhamu.

Na hao Wakongo tuwatenge kidogo, maana hapo upuuzi unapita kiasi. Mtoto wa Uvira amelelewa kwa Kiswahili tangu ananyonya. Anafika shuleni, anasema "batoto", anapigiwa mstari mwekundu na kuingizwa katika orodha ya wasiojua lugha. Watu hao hao wa kalamu nyekundu ndio wanaotuambia asubiri ajue kuzungumza.

Nimewahi kuketi nyuma ya darasa huko walimu wageni, vijana waliosomea sanaa za maonyesho, walipokuwa wakiendesha mdahalo. Hawakuleta ile mada tuliyochoshwa nayo tangu enzi za kaptula, ya mwalimu ni bora kuliko daktari. Waliwauliza watoto wanagombania nini nyumbani, na mada ikatoka hapo hapo: wavulana nao wapange foleni ya maji. Mvulana mmoja wa gredi ya sita, mwenye Kiswahili cha kunyooka, akasimama kupinga. Maji, akasema, ni kazi ya wanawake tangu Adamu. Makofi. Kisha akainuka msichana wa Kinuer ambaye mwalimu wake alikuwa ameshaninong'oneza kwamba ni bubu kidogo.

"Wewe nakunywa maji?" akauliza.

Mvulana akakubali kwamba hunywa.

"Basi wewe nabeba."

Darasa lilipasuka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akakata tamaa. Mwalimu akaniinamia tena: "Sarufi yake mbovu." Mbovu kweli, sibishi. Lakini bingwa wa sarufi alikuwa amesimama pale mdomo wazi, hana jibu. Na kesho yake yule bubu kidogo alimfuata mmoja wa wale walimu wageni kumwuliza: ile ya leo wewe, kesho mimi, inaitwaje? Zamu, akaambiwa. Neno hilo alikuwa ameshafundishwa zamani na kuliandika mara nyingi daftarini. Hakulihitaji, basi likabaki daftarini.

Maigizo vivyo hivyo. Waliigiza ofisi ya usajili, na mtoto aliyepewa nafasi ya karani hakuhitaji mtu wa kumwandikia maneno. Aliegemea kiti, akaangalia dirishani, akasema: "Sistimu iko chini. Rudi kesho." Matamshi safi, kiimbo safi, hata ile pumzi ya uchovu mwishoni ilikuwepo. Mtihani gani wa insha ungemtoa Kiswahili kile?

Katika kipindi hicho hicho cha redio msikilizaji mmoja alipiga simu kuunga mkono. Hoja yake, na naomba msicheke, ilikuwa kwamba msichana akizoea kubishana hataolewa. Ndugu yangu, kama ndoa yako inasimama kwa sababu mkeo hana msamiati, hilo ni tatizo lako na mkeo; usilipeleke Turkana.

Ila tusiwalaumu walimu wa kambini peke yao, maana ugonjwa huu ni wetu sote. Sisi ndio tunaompa kiranja karatasi aandike majina ya wapiga kelele mwalimu akitoka. Sisi ndio tuliowavika watoto vibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Na sisi ndio tunaotahini tamthilia bila kuiigiza. Mtoto wa sekondari anasoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia, kitu kilichoandikwa kisimame jukwaani na kutoa jasho, naye anaijua kupitia mwongozo wa kununua: maudhui, wahusika, mbinu, funga kitabu. Hajawahi kumsikia mhusika hata mmoja akipaza sauti. Kisha tunashangaa kwamba ana alama ya juu ya Kiswahili na hawezi kumweleza daktari anaumwa wapi.

Wanaosema maigizo ni mchezo tu, nawakumbusha Nakuru, Aprili 2025. Wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walikuwa na mchezo wao, Echoes of War, na ilibidi Mahakama Kuu iingilie kati ndipo waruhusiwe kuupeleka kwenye tamasha la kitaifa la maigizo. Siku yao ilipofika waliimba wimbo wa taifa, wakateremka jukwaani bila kuigiza, na huko nje polisi wakawarushia watu vitoa machozi. Sijasikia serikali ikirusha vitoa machozi kwa sababu ya zoezi la kujaza mapengo. Wakubwa wanajua vizuri kabisa mtoto anayesema jambo lake mwenyewe ana uzito gani. Ni wataalamu wa redio tu ambao hawajaarifiwa.

Wataondoka, wanasema wengine, hao walimu wageni huja wiki mbili na kwenda zao. Mvua ya Turkana nayo huja na kwenda zake, na hakuna mfugaji aliyewahi kuifukuza. Mdahalo hauhitaji mgeni abaki. Hauhitaji maleba wala kompyuta wala mradi wenye nembo. Unahitaji mada yenye ubishi ndani yake na mwalimu anayeweza kuvumilia kosa la ngeli kwa dakika tatu bila kuwashwa na ulimi.

Muda hakuna, nitaambiwa, ratiba imejaa. Hapo ndipo hasira inaponipanda hasa. Shule hizo hizo huwa na muda wa kuwapanga watoto juani tangu saa mbili asubuhi wakimsubiri mgeni wa heshima anayefika saa saba na walinzi wake, akasoma kurasa kumi za Kiingereza alizoandikiwa, akapigiwa makofi, akala, akaondoka. Anzeni kwa kukata kurasa nane za ile hotuba. Nafasi mtaipata.